Nina elfu thelathini: ninunue kamera gani ya filamu?

SWALI: Salaam aleikum, mzee wangu. Mimi ni msichana wa Kibokoni, hapa Mombasa. Simu yangu imejaa maelfu ya picha ambazo siziangalii tena. Nataka kamera ndogo ya filamu, ya kuingia mkobani, nipige mitaa ya Mji wa Kale na pia harusi ya dada yangu, hasa usiku wa kupamba. Nina shilingi elfu thelathini. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia Olympus mju II kwa elfu arobaini, anasema tutaelewana. Mwingine yuko Mwembe Tayari ana Olympus Trip 35 kwa bei ya chini sana. Rafiki yangu ananiambia nisubiri ninunue mpya, Pentax 17 au ile Kodak ya plastiki. Nichukue ipi? Na je, kweli bado kuna pa kusafishia filamu?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Habari ya kusafisha filamu umeiuliza mwisho, lakini mimi nitaanza hapo. Nimewaona vijana wengi wakinunua kamera nzuri, wakapiga filamu tatu nne kwa furaha, kisha filamu zikalala drooni kwa kuwa hawajui wazipeleke wapi. Filamu iliyokwisha kupigwa ikikaa kwenye joto letu hufifia. Picha imo, ila inapungua kadiri unavyochelewa.

Zamani ukipita Moi Avenue au Barabara ya Digo hukosi studio yenye mashine: waacha filamu asubuhi, jioni wachukua picha. Mashine nyingi zimezimwa. Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, tembea uulize, na usiishie kwenye "mwasafisha filamu?" Uliza mashine yao hupitisha filamu mara ngapi kwa wiki. Filamu ya kawaida ya rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41: dawa ya kwanza nyuzi 38, dakika tatu na robo. Kila filamu inayopita huifanya mashine ijiongezee dawa mbichi, na ndivyo dawa inavyobaki na nguvu. Filamu zikiwa za kubahatisha, dawa hukaa inakula hewa na kuchoka, nawe uletewe picha zenye ukijani au rangi ya tope ukidhani kamera ndiyo mbovu. Mimi namwamini zaidi mwenye duka anayesema "twasafisha Alhamisi, zote pamoja" kuliko yule wa "lete tu wakati wowote". Usipompata hapa, kusanya filamu kadhaa uzitume Nairobi kwa pamoja.

Na udai negativu zako, yaani filamu yenyewe ikishasafishwa. Siku hizi duka likishaskani hukutumia picha kwenye simu na negativu zikaishia kwenye pipa, kwa sababu wateja hawarudi kuzichukua. Picha ya kwenye simu unayo tayari, hiyo ndiyo uliyoikimbia. Negativu ndiyo mali yako.

Sasa piga hesabu. Bei ya filamu, jumlisha kusafisha, jumlisha kuskani, jumlisha nauli, gawanya kwa 36. Jibu utakalolipata ndilo utakalolipa kila ukibonyeza. Ukishaliona ndipo utaelewa kwa nini sitaki elfu thelathini yote iishie kwenye kamera. Nusu ni nyingi. Kinachobaki kiwe filamu.

Hebu tuje kwa yule wa mju II.

Sikatai, ni kamera nzuri sana. Ilitoka 1997, lenzi yake ni milimita 35 yenye tundu la 2.8 (tundu ndilo mlango wa mwanga, na namba ikipanda tundu hupungua), inalenga yenyewe, inasogeza filamu yenyewe, na ina flashi ndani. Lakini bei yake ya leo haitokani na lenzi. Kamera hizi ndogo zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka 2017 Kendall Jenner akaonekana na Contax T2 kwenye kipindi cha Jimmy Fallon huko Marekani, na watu mashuhuri wengine wakafuata mkumbo huo. Contax T2 ina mwili wa titani na lenzi ya Zeiss, haikuwa rahisi tangu mwanzo. Basi waliokosa uwezo wa Contax wakashukia Yashica T4, waliokosa Yashica wakashukia mju, na kila mmoja akapandisha bei ya anayefuata. Wewe sasa unaombwa ulipie umaarufu wa mtu usiyemjua.

Hilo ningelisamehe kama kamera yenyewe ingeweza kuishi hapa. Ndani ya mju II ni umeme mtupu: mota, saketi, na nyaya bapa za plastiki zilizokunjwa. Zile raba zilizokuwa zikizuia mvua zimepita umri wa miaka ishirini, na hewa yetu ina chumvi. Siku ikigoma, hakuna kipuri, na hakuna fundi atakayekuambia ukweli zaidi ya "mama, hii imekufa". Tena usikubali mtu wa mtaani aifungue akiwa na bisibisi ya simu, wala usiifungue mwenyewe. Kapasita ya flashi, inayohifadhi umeme wake, hubaki na volti zipatazo 300 hata betri ikitolewa, nayo hupiga vibaya. Jambo la mwisho, dogo lakini litakukera kila siku: kila ukiifungua, flashi inarudi kwenye hali ya kujiwasha yenyewe. Umekaa kibarazani, bibi anasuka mkeka kwenye kivuli kizuri, umemvizia vizuri, kisha mwanga unamlipukia usoni.

Kwa hivyo hapana. Hata akishuka hadi elfu thelathini.

Trip 35 ndiyo ningeiendea mbio, ila kwa macho yaliyo wazi. Olympus waliitengeneza kuanzia 1967 hadi 1984, na ziko nyingi duniani. Haina betri hata moja. Kile kioo chenye vinundu kinachozunguka lenzi kina seleni chini yake, ambayo hugeuza mwanga kuwa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma sindano inayochagua tundu la lenzi. Shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde. Watu husikia hivyo wakaidharau. Lakini jua la Mombasa la saa sita, ukiwa na filamu ya ISO 200 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga), linataka tundu la 16 kwa 1/200. Hiyo ni kasi yake hasa. Kamera hii na jua letu wanaelewana.

Kuilenga kwake ni kwa kukadiria: kuna alama nne kwenye pete ya lenzi, ya mtu mmoja karibu, watu wawili, kundi, na mlima. Mchana, tundu likiwa dogo, ukikosea kidogo hakuna atakayejua. Jioni tundu likipanuka, ndipo kukadiria vibaya kunapoonekana.

Ukifika Mwembe Tayari fanya hivi. Weka pete ya tundu kwenye A, yaani ijipimie yenyewe, ziba lenzi na kioo chake kwa kiganja, bonyeza. Inapaswa kukataa, na kibendera chekundu kitokee ukichungulia kidirishani. Kisha ielekeze mwangani ubonyeze tena: ikubali. Kama inakubali gizani pia, au inakataa hata juani, seleni imekufa au sindano imekwama, na dawa yake ni kubadilishiwa na ya kamera nyingine. Halafu izungushe pete kwenye 22, itazame lenzi kwa mbele, bonyeza. Uone kitundu kidogo. Ukiona tundu pana, mabapa ya ndani yamegandishwa na mafuta. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa Trip, na joto huuzidisha. Fundi wa saa mwenye mkono mtulivu aweza kuusafisha, kwa hiyo usikimbie, shusha bei.

Fungua mgongo. Sponji nyeusi kwenye mifereji itakuwa imeoza na kunata vidoleni. Isikutishe, kipande cha uzi mweusi wa sufu au sponji mpya hufanya kazi hiyo, ila uifanye kabla ya filamu ya kwanza, ama mwanga utavuja ukachora mistari ya machungwa pichani.

Kinachonitisha mimi ni kuvu. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma huku shata ikiwa wazi ukiweza, vinginevyo kwa mbele kwa pembe, utafute nyuzi nyembamba zinazotawanyika. Vumbi si neno, kila lenzi kongwe ina vumbi. Nyuzi ndizo neno. Kuvu hupenda unyevu, giza na utulivu, yaani kabati la nguo la Mombasa lenyewe. Ikikaa sana hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na hapo hata ikifutwa alama hubaki. Kamera nyingi nzuri za mji huu hazikuharibiwa na kazi. Ziliharibiwa na kutunzwa ndani ya ala ya ngozi, juu ya kabati, miaka kumi bila kuguswa. Basi kabla ya kumpa mtu pesa, waulize wajomba na mashangazi. Aghalabu mna Konica au Yashica humo nyumbani, na kama lenzi ni safi umepata bure.

Kamera ninayoiona inakufaa kuliko zote hukuitaja. Ni Olympus XA2, ya mwaka 1980. Yoshihisa Maitani, mhandisi aliyeisanifu XA ya mwaka 1979 iliyoitangulia, alitaka kamera isiyo na kofia ya lenzi wala mkoba, kwa hiyo mfuniko wake unateleza na kufunika lenzi. Inaingia mfukoni mwa dera. Lenzi ni milimita 35 yenye tundu la 3.5, umbali unachagua kwa alama tatu tu, na mwanga inaupima yenyewe. Inatumia betri mbili ndogo za LR44 ambazo kila muuza saa anazo. Bila hizo haifanyi lolote, kwa hiyo beba jozi ya akiba. Ubavuni inafungwa flashi yake ndogo iitwayo A11. Ukitaka harusi na mitaa kwa kamera moja, na ukaipata pamoja na A11, chukua. XA yenyewe ina kipima-umbali na lenzi ya 2.8 na ni bora zaidi mikononi mwa mtu mwenye subira, lakini bei yake imeshaanza kupanda, nawe kwenye harusi hutakuwa na nafasi ya kulinganisha vivuli viwili vya kipima-umbali hicho kidirishani wakati bibi harusi anapita.

Kuhusu mpya. Pentax 17 ilitoka Juni 2024 kwa takriban dola 500 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru, basi iko nje ya mfuko wako. Nafurahi kwamba kampuni kubwa imetengeneza tena kamera ya filamu, na kama ungekuwa na pesa hizo nisingekuzuia. Inapiga nusu fremu, yaani picha nusu ya ukubwa wa kawaida, milimita 17 kwa 24, ndiko jina lilikotoka, na filamu ya 36 hutoa picha 72. Ile Kodak ya plastiki, Ektar H35, pia ni ya nusu fremu. Kila kitu chake kimefungwa mahali pamoja: tundu takriban 9.5, kasi 1/100, na haina kulenga. Kwenye jua letu inamimina mwanga kupita kiasi, lakini filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga mwingi. Isichovumilia ni mwanga mchache, kwa hiyo ikifika magharibi, bila flashi, usiiguse. Si mbaya kwa ufukweni ama kwa mtoto. Kwa vichochoro vya Ndia Kuu, ambako nusu ya mtaa iko kivulini, utaichoka mapema.

Naona umeitaja kupamba kwa haraka, lakini hapo pana jambo zito kuliko lenzi. Ule ni usiku wa wanawake. Mabuibui yamevuliwa, watu wamejipamba, na siku hizi kuna harusi simu huachwa mlangoni ili picha zisifike kwa WhatsApp za watu. Filamu ina heshima yake hapo: hakuna anayeweza kuituma picha usiku uleule. Lakini usijidanganye kwamba ni siri. Atakayesafisha ataziona zote, na akishaskani zitabaki kwenye kompyuta yake. Hofu hii si mpya. Enzi za studio, familia zilichagua mpiga picha mwanamke kwa usiku ule, kisha zikawa na wasiwasi na mwanamume wa mashine. Kwa hivyo kwanza mwombe ruhusa dada yako na mama yako, na mtangaze ukumbini kwamba kamera ipo, anayetaka kukaa kando akae. Pili, amua mapema nani atasafisha. Njia salama kabisa ni filamu nyeusi na nyeupe, mfano Ilford HP5 Plus, usafishe mwenyewe nyumbani. Inataka mfuko mweusi wa kuingizia mikono, tangi dogo, na dawa mbili tatu. Shida yetu ni maji. Vipimo vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20, na bomba la Kibokoni linatoa maji ya uvuguvugu mchana kutwa. Weka chupa zote, na maji ya kusuuzia pia, ndani ya beseni lenye barafu mpaka zote zilingane. Ukishindwa kufika 20, tumia jedwali la muda la mtengenezaji wa dawa kwa nyuzi ulizonazo, ila muda ukishuka chini ya dakika tano picha huanza kuwa na mabaka. Zimua dawa zaidi ili muda urefuke. Jifunze kwa filamu za mtaani kwanza, usianzie na harusi.

Kama wataka rangi usiku ule, kaa hapohapo dukani wakati wa kuskani, beba negativu, na uombe faili zifutwe ukiona. Mtu wa heshima hatakataa.

Flashi ndogo hufika mita tatu hadi tano ukiwa na filamu ya ISO 400, zaidi ya hapo ni giza. Sogea. Na epuka kumpiga mtu aliyevaa vimetameta moja kwa moja kwa mbele, vile vidoto vya dhahabu hurudisha mwanga kwenye kamera na kuidanganya. Kaa ubavuni kidogo. Ukiishia na Trip, flashi yoyote ndogo ya zamani yafaa, hata zile zenye volti kubwa zinazoogopwa kwenye kamera za kidijitali, kwa kuwa kiunganishi cha Trip ni vipande vya chuma tu.

Kwa mitaa, anza na Kodak ColorPlus 200 au Gold 200. Hapa nikupe siri ya kazi. Kuta nyeupe za chokaa hurudisha mwanga mwingi, kipima mwanga kinadhani pote pameng'aa na kubana tundu, na uso mweusi ulio mbele ya ukuta unageuka kivuli. Filamu ya 200 iseti kwenye 100. Trip na XA2 zote zinakuruhusu kuweka ASA, jina la zamani la ISO, kwa mkono. mju II inasoma yenyewe msimbo wa ISO ulio kwenye kopo la filamu na haikuachii uamuzi. Nakumbusha pia kwamba kwa miongo mingi Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha za wanawake wa kizungu, maarufu kwa jina la Shirley, kwa hiyo sura zetu zilisahihishwa kwa kipimo kisicho chao. Duka likikurudishia nyuso zilizopauka au za kijivu, waambie waskani upya, usijilaumu.

Utunzaji ni mfupi. Ukitoka Mama Ngina au ufukweni, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, kisha kikavu. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, si mchele, mchele una vumbi. Filamu mpya zikae friji, uzitoe saa mbili kabla ya kuzifungua ili zisitoe jasho. Usiiache kwenye gari. Na karibu na feri ya Likoni au bandarini iache mkobani, walinzi hawatajali kama ni ya filamu. Pale Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, na watu walitoka mbali kuja kupigwa. Kamera walizotumia hakuna anayezikumbuka.

Filamu ukizisafirisha, beba mkononi. Mashine za kawaida za kukagulia mizigo hazidhuru filamu ya chini ya ISO 800 ikipita mara moja mbili, lakini zile mpya za kuzungusha picha pande zote viwanjani vya ndege huiharibu, kwa hiyo omba ikaguliwe kwa mkono.

Kesho nenda kaione ile Trip, uende asubuhi, na umwombe muuzaji muitoe nje barabarani. Chini ya taa ya duka seleni haipimiki.